Meno ya bandia yakilegea, tulaumu fundi au mfupa?

Mama mdogo wangu hapa Arua, Uganda, ana kesi na fundi aliyemtengenezea meno ya bandia. Miaka sita iliyopita aliwekewa seti nzima, juu na chini, na yakakaa vizuri, mtu anakula nyama, anaimba kanisani, hana wasiwasi. Sasa hivi ya juu bado yako sawa lakini ya chini yanaruka, akicheka lazima ayashike na ulimi. Msimamo wake ni mmoja: fundi alimpa plastiki feki, imepanuka. Binamu yangu ambaye amesomea mambo ya hospitali anamwambia hapana mama, hayajapanuka, ni taya lako ndio limepungua. Hapo ugomvi ukaanza, manake nani anapenda kuambiwa taya lake linaisha?

Tuanze na huyu binamu kwa sababu watu wengi hii hawaijui. Tumezoea kufikiria mfupa kama tofali, ukishajengwa umejengwa. Kumbe kila siku kuna seli zinabomoa na zingine zinajenga. Hizi za kubomoa zinaitwa osteoklasti, zinajibandika kwenye mfupa, zinamwaga asidi inayeyusha madini, halafu zinameng'enya protini iliyobaki, kisha wajenzi wanakuja kujaza. Kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa inafanywa upya hivyo kila mwaka. Na si ugonjwa. Chukua jino la utoto likitoka uliangalie chini, mzizi huuoni, wengine wanadhani umebaki ndani umekatika, lakini ni seli za aina hiyo hiyo zimeula polepole jino la ukubwani likiwa linapanda. Bila kuliwa ule mzizi lile jino lisingelegea hata ufunge uzi mlangoni.

Sasa shida iko hapa: ule ukingo wa taya unaoshika meno uko pale kwa ajili ya meno. Ukiyang'oa umeuachisha kazi, wabomoaji wanaendelea na wajenzi hawana sababu ya kurudisha. Watafiti walipima mahali palipong'olewa meno ya nyuma wakaona upana wa ukingo umepungua karibu nusu ndani ya miezi 12, na sehemu kubwa ya hiyo, kama theluthi mbili, ilienda katika miezi 3 ya kwanza tu. Baada ya hapo kasi inashuka ila haisimami. Utafiti mwingine uliotoka 1972 ulifuatilia watu wenye meno ya bandia miaka hadi 25, ukakuta taya la chini linapoteza kama mara nne ya la juu. Hiyo mara nne ndio kesi ya mama mdogo yenyewe, angalia ni yapi yanaruka na yapi yametulia. Plastiki ingekuwa feki, kwa nini ya juu yamegoma kupanuka?

Kwa hiyo binamu ameshinda? Mimi nasema nusu tu. Seti ikikaa vibaya, ikigonga upande mmoja kuliko mwingine, inakandamiza ukingo na mfupa unazidi kuondoka, na kulala nayo usiku kucha pia hakusaidii, ufizi haupumziki. Kwa hiyo fundi anaweza akawa na mkono wake. Lakini kosa ninaloliona zaidi ni kwamba alichukua sente zake akamwambia mama haya umepona, hakuna aliyemwambia taya litabadilika, rudi tuangalie. Yaani mtu anauziwa kiatu cha mguu ambao utaendelea kupungua na hakuna anayefungua mdomo! Hapo namuunga mkono mama mdogo kabisa.

Kuna wale wanaosikia haya wanaruka upande mwingine, ati basi usikubali kung'olewa jino kamwe. Nawaelewa, jino linaloweza kusafishwa ndani ya mzizi likazibwa ni bora libaki, linalinda mfupa wake. Lakini semeni pia bei, kung'oa ni rahisi na karibu kila mahali utapata, ile ya kusafisha mzizi ni ghali na fundi wake mara nyingi unamfuata mjini mkubwa, nauli yenyewe tayari ni kesi. Alafu jino lililooza likakaa na usaha nalo linakula mfupa. Ugonjwa wa fizi ndio mbaya zaidi, unamaliza mfupa wakati meno bado yamesimama, unashtukia tu yanacheza. Mama mdogo ya chini yalikuwa yanacheza hivyo hivyo kabla hayajang'olewa, kwa hiyo mfupa ulishaanza safari kitambo, fundi alikuta shamba limeshaliwa. Kumwambia mtu kama huyo angevumilia abaki nayo ni maneno ya mtu ambaye hajaumwa jino usiku wa manane.

Jirani mmoja naye akaleta dawa yake: kula mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, ule na mifupa yake, taya litarudi. Mukene ni kitu kizuri, kalisiamu imo ya kutosha na mwili mzima unafaidi, ila ukingo ulioshaondoka haurudi kwa chakula. Je, si kuna dawa za kuzuia hao wabomoaji? Zipo, wanapewa watu wenye mifupa dhaifu au saratani iliyoingia kwenye mifupa, na zinasaidia kweli. Lakini tangu 2003 madaktari wamekuwa wakiripoti kwamba baadhi ya wanaozitumia, hasa wa saratani wanaopewa dozi kubwa, wakishang'olewa jino kidonda kinakataa kupona na kipande cha taya kinakufa. Ukizima ubomoaji, ukarabati nao umelala. Ndio maana anayetumia dawa hizo lazima amwambie daktari wa meno kabla koleo haijaingia mdomoni.

Kwa mama mdogo njia ya karibu ni kuongezewa plastiki chini ya ile seti ili ifuate taya lilivyo sasa, haihitaji kuanza upya. Ile ya kufungiwa skrubu kwenye mfupa inashika vizuri zaidi na inaupa mfupa kazi tena, ila bei yake tuliitaja mara moja tu mezani tukabadilisha mada. Juzi amekubali kwenda kwa fundi yule yule. Amekubali plastiki iongezwe, amekubali hata habari za mfupa, lakini pesa hatoi hata shilingi, anasema hiyo fundi ataihesabu kama deni la maneno ambayo hakumwambia mwanzoni.