Mizizi sina neno nayo, shida ni kidole

Mama yangu mdogo anakaa kijijini huko Shinyanga, kuna kipindi mguu ulimvimba mpaka kandambili haiingii, wakampeleka kwa mganga. Mzee akachemsha mizizi, akamkanda siku tano, uvimbe ukashuka. Mpaka hapo sina neno. Ila siku ya kwanza, kabla hata sufuria haijabandikwa jikoni, mzee alishika kioo na kibuyu chake akaangalia weee, kisha akasema aliyemfanyia hivyo ni mwanamke, wanachota maji kisima kimoja, na mlango wake unatazama jua linapochomoza. Sasa pale kijijini mlango wa hivyo ni mmoja tu.

Tukibishana kuhusu waganga huwa kuna wa "ushirikina mtupu" na wa "mila zetu jamani", na kila upande una hoja. Mitishamba inafanya kazi, nani hajanyweshwa mwarobaini utotoni akakunja uso, na hata dawa mseto ya malaria wanayotupa zahanati asili yake ni mmea wa Wachina. Serikali yenyewe inalijua hilo, ndo maana kuna sheria ya tiba asili ya 2002 na Baraza la kusajili waganga. Halafu mganga yuko karibu, anakukopesha, ukipona unampelekea kuku, tena ana muda wa kukusikiliza na anajibu lile swali ambalo daktari halimhusu: kwa nini mimi?

Hapo kwenye "kwa nini mimi" ndo pa kuangalia, maana haichukui dakika linageuka kuwa "nani". Usukumani bibi zetu wameuawa kwa mapanga kisa macho mekundu, macho yenyewe yameiva kwa miaka na miaka ya kupikia kuni na samadi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha. Wenzetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu kuna mtu alimwambia mteja wake utajiri uko humo. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli, na sheria ya uchawi ipo tangu 1928, inamuadhibu hata anayejidai tu kwamba anao. Basi wengi wakasema safi, ramli ife, mitishamba ibaki.

Mi hapo siafiki moja kwa moja. Kwanza mitishamba nayo si malaika. Babu wa Loliondo, marehemu mchungaji Mwasapile, mwaka 2011 pale Samunge alikuwa anagawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, hakuuliza nani kakuroga, na bado kuna watu waliacha ARV wakiamini wameshapona, wengine walifia njiani kwenye ile foleni ya magari. Pili, ramli zote hazifanani. Mganga anaweza kuangalia kibuyu chake akasema mizimu ya babu yenu imesahaulika, basi ukoo mzima unarudi nyumbani, pombe inapikwa, mbuzi anachinjwa, na ndugu walionuniana miaka wanakula sinia moja. Unaweza usiamini hata chembe (mi mwenyewe nina mashaka yangu) lakini hakuna aliyeumia zaidi ya mbuzi.

Kwa hiyo mi mstari ningeuchora pale mganga anaponyoosha kidole kwa mtu aliye hai, maana marehemu hapigwi panga. Najua waganga watasema mteja mwenyewe ndo anataka jina, asipopewa anahamia kwa mwingine, na ni kweli, biashara ni biashara. Ila yule mzee wa mama mdogo angetaja mizimu, mizizi ingebaki ileile na mguu ungepona vilevile.

Yule jirani siku hizi anachota maji saa kumi na moja alfajiri, kabla wenzake hawajaamka.