Wageni wa Listopad

Ofisini kwetu, ofisi ya utalii pale Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, Kipolandi ndicho kinacholipa mishahara. Anayedhani natia chumvi aende ufukwe wa Nungwi, papasi, wale vijana wa kuwinda watalii, atamwambia "dzień dobry" kabla ya kumwambia jambo. Dada yetu wa bukingi jina lake la ofisini ni Dada Polandi. Ulaya hajaikanyaga, lakini miezi ya Kipolandi anaitiririsha kama mtoto wa chuoni na Juzuu Amma: styczeń, luty, marzec, mpaka grudzień, bila kuvuta pumzi. Hiyo miezi uikumbuke, maana ndiyo iliyotuumbua.

Mapema mwaka 2023 bosi alirudi kutoka maonyesho ya utalii na habari moja: Wakroatia wanakuja. Yeye Kroatia anaijua kwa Modrić na fainali ya Kombe la Dunia ya 2018, ile waliyofungwa na Ufaransa 4-2 na bosi akapoteza dau. "Kijana," akaniambia, kwa kuwa tovuti ni kazi yangu, "wawekee lugha yao."

Nikafungua orodha ya lugha. Ikaja Kikroatia, ikaja Kiserbia, na hicho kina sura mbili, herufi za Kilatini na zile za Kisirili kama za Warusi, ikaja Kibosnia, na Kimontenegro nacho kikachungulia. Nikamweleza bosi kwamba zamani, nchi ikiitwa Yugoslavia, zote ziliwekwa chungu kimoja na kuitwa Kiserbo-Kroatia. Nchi ikaanza kuvunjika mwaka 1991 na kila mtu akachukua chake, lugha ikiwemo. Wakizungumza, wanaelewana.

Katika maelezo yote hayo bosi alisikia neno moja tu. "Wanaelewana? Basi weka moja, wagawane. Na ya kulipa mfasiri ya nini, Mzee Yugo si yupo?"

Mzee Yugo ni jirani yetu wa barazani. Alisomea udaktari wa mifugo Belgrade, enzi za Tito na Nyerere na siasa ya kutofungamana, na jina la nchi ile limemganda mpaka leo ingawa nchi yenyewe haipo tena. Tito alipozikwa Mei 1980 yeye alikuwa hukohuko, na anavyoyasimulia maziko yale utadhani alishika jeneza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeshasikia. Hakuna Kikroatia, hakuna Kiserbia. Kuna lugha moja, nami niliifanyia mtihani wa mdomo mbele ya maprofesa watatu."

Ukurasa wa kwanza aliniletea umeandikwa kwa mkono, tena kwa Kisirili. Nikamsihi aturudishie kwa Kilatini. Akaguna, akavaa miwani, akaandika upya, na akinong'ona maneno huku macho yakimlegea, nadhani pana binti wa Belgrade alimkumbuka. Bei alipendekeza tuziweke kwa dinari.

Tovuti ikapanda. Siku za mwanzo kilichotusumbua ni bendera. Bendera ya Kroatia ina nyekundu, nyeupe na bluu, na katikati ngao ya miraba. Iweke iwe ndogo ya kutosha menyu ya simu, ngao inamezwa, inabaki bendera ya Uholanzi. Waholanzi wakawa wanabofya kwao wanatokea kwa Mzee Yugo. Mmoja akaandika kutupa pole kwa kuvamiwa na wadukuzi. Nikaziondoa bendera zote nikaandika majina ya lugha. Tangu hapo nashikilia kwamba bendera kazi yake ni mlingoti, kwenye menyu ya lugha haina shughuli. Kuna Wakroatia wa Bosnia nao wanataka kusoma Kikroatia, utawabandikia bendera gani?

Halafu ikaja barua pepe ya mama mmoja wa Zagreb. Barua ya adabu kabisa, na ndiyo maana iliuma. Alisema picha zetu nzuri, bei zetu si mbaya, ila kwa nini tumeandika Kiserbia halafu juu yake tukabandika jina la Kikroatia? Akaorodhesha. Zanzibar tumeiita ostrvo, kwao kisiwa ni otok. Mkate wa asubuhi tumeuita hleb, kwao ni kruh. Wali wa pilau tumeuita pirinač, kwao ni riža. Hata kijiko cha kulia supu kilikuwa cha Belgrade. Na zaidi, upande wa bei palikuwa bado pana sarafu ya kuna, ambayo programu yetu iliiweka yenyewe, wakati Kroatia imeingia kwenye euro tangu tarehe 1 Januari 2023. Bosi alikuwa ameshaiona hiyo mapema, "Kuna 500", akaniuliza kuna mia tano za nini, nikamwambia ni pesa, akadhani namtania.

Nikaipeleka barua barazani. Mzee Yugo akaisoma mara mbili.

"Huyu mama alielewa au hakuelewa?"

"Alielewa, mzee."

"Basi anataka nini?"

Ukiitazama vizuri, hoja anayo. Lakini mtu anayetaka kukulipa maelfu ya euro haji kufanya mtihani wa kuelewa. Anataka ajue kwamba unamjua yeye ni nani, hukumchanganya na jirani yake. Bosi, aliyekwisha kupiga hesabu za yale maelfu, akafungua mkoba akamlipa mfasiri wa kweli, dada wa Zagreb mwenyewe.

Dada yule hakuacha jiwe. Č na ć zilizokuwa zinatokea visanduku vitupu akataka nibadilishe fonti. Vyumba akavigawa: kimoja ni soba, viwili ni sobe, vitano ni soba tena, na ukifika ishirini na kimoja unarudi kwenye umoja. Bosi akacheka lugha gani hiyo, vyumba ishirini na kimoja unavihesabu kimoja. Nikamwambia arudie alichosema polepole. Akarudia, "vyumba ishirini na kimoja", akanyamaza.

Mwisho akafika kwenye miezi. Mzee Yugo alikuwa ameandika januar, februar, oktobar, kama wanavyosema Waserbia. Mfasiri akaifuta yote akaweka ya Kikroatia, siječanj, veljača, ožujak, na oktobar ikawa listopad. Tovuti sasa ilikuwa safi, Kikroatia cha Kikroatia, na mama wa Zagreb akatuandikia pongezi. Msiba wetu ukaanzia hapo.

Ikaja bukingi ya familia ya watu watano kutoka kisiwa cha Hvar. Wao ni watu wa kupangisha vyumba kwa watalii: majira ya joto yote hawalali, wanafua mashuka ya watu, wageni wakishaondoka ndipo nao wanapata nafasi ya kusafiri. Fomu ikamwangukia Dada Polandi mezani. Tarehe ya kufika: 12. listopada.

Dada Polandi hakuhitaji kamusi. Kwa Kipolandi listopad ni Novemba, na Mpolandi akiandika tarehe anaandika hivyohivyo, 12 listopada, mpaka ile a ya mwisho. Tofauti ni nukta moja baada ya namba, na nani anagombana na nukta? Maana ni ileile kwa wote, mwezi wa majani kuanguka, ila Wakroatia wanasema majani yanaanguka mwezi wa kumi na Wapolandi wanasema wa kumi na moja. Akaandika Novemba, akashika vyumba Nungwi, akabonyeza kutuma. Barua ya uthibitisho ikatoka yenyewe kwa Kikroatia fasaha: tunawasubiri 12. listopada. Kule Hvar wakafurahi. Namba ya ndege nayo walituandikia, lakini namba ya ndege haisemi mwezi.

Usiku wa Oktoba 12 simu yangu ikalia. Dereva wa teksi wa uwanja wa ndege.

"Ndugu yangu, kuna wageni wako hapa wamekalia mabegi. Wamemkataa kila dereva. Wameshika karatasi ina jina la ofisi yenu."

"Leo hatuna mgeni."

"Basi njoo uwaambie wewe."

Nikampitia Dada Polandi, maana faili analo yeye, tukamkuta bosi ameshafika na kanzu ya kulalia. Baba mtu alikuwa mrefu, uso mwekundu kwa jua la safari nyingine. Mama ameketi juu ya sanduku, watoto watatu wamelaliana. Mama akainuka akanyoosha karatasi, kidole juu ya neno.

"Listopad!"

Dada Polandi akatoa karatasi yake, akaweka kidole juu ya neno lilelile.

"Listopad!"

"Listopad!" mama akasema tena, sasa akiitikia kwa kichwa, akidhani wameelewana.

"Listopad!" Dada Polandi akaitikia naye, na akageuka kwetu. "Si mnaona? Mwenyewe anakubali. Wamewahi mwezi mzima."

Kiingereza cha mama kilikuwa kizuri tu mchana, nilikuja kukisikia baadaye, lakini saa ile kilikuwa kimelala. Bosi akaamuru Mzee Yugo aletwe. Akaja na kikoi na bakora, akafurahi kupita kiasi. Akawasalimu kwa Kibelgrade cha mwaka 1980, watoto wakaamka. Walizungumza muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji. Tukasikia Tito akitajwa, tukaona baba akipepesa macho.

"Mzee, wanasema nini?" bosi hakuvumilia.

"Wanasema wamekuja kwa wakati. Wanamtaja sana huyo Listopad. Huyo Listopad ndiye aliyetakiwa kuwapokea? Ameajiriwa lini?"

Hapo ndipo mama alipochoka na sisi sote. Akainua vidole kumi, akavionyesha kwa kila mmoja wetu kwa zamu, akamalizia kwa Dada Polandi. Dada akaviangalia vile vidole. Akahesabu kimoyomoyo, nikaona midomo inatembea, styczeń, luty, marzec. Akafika kumi. Akakaa chini kwenye sanduku aliloliacha mama.

"Oktobar!" Mzee Yugo akapiga bakora sakafuni. "Si niliandika oktobar? Nani alinifutia oktobar yangu?"

Hakuna aliyemjibu, na hajaacha kuuliza mpaka leo. Ukweli mchungu ni kwamba tungebaki na tafsiri yake mbovu, hata papasi wa Nungwi angejua ni mwezi gani.

Nungwi hoteli imejaa. Tulipiga simu Paje, Jambiani, Kiwengwa, kote wanatuuliza saa ngapi hizi. Bosi akavua kofia, akaivaa, akasema hakuna la kufanya, waende kwake Mbweni. Kumwambia Bi Mkubwa akanipa mimi simu.

Bi Mkubwa hakuuliza mengi. Ilikuwa bado Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, nyumba imepambwa, halua ipo, kahawa ipo, kuna pilau ya kisomo cha jioni. Wageni wakawekwa sebuleni. Mama wa Hvar alikula, akanyanyuka, akamwona Bi Mkubwa anahangaika kutandika godoro, akashika ncha ya pili ya shuka bila kuambiwa. Wakalikunja lile la zamani kwa mpigo mmoja, kila mmoja akamtazama mwenzake kwa heshima. Hiyo lugha haikuhitaji mfasiri, ingawa Mzee Yugo alisimama mlangoni akitafsiri.

Kesho yake tulipata vyumba Nungwi. Hawakwenda. Baba alituambia kwa Kiingereza kilichoamka kwamba wao ni watu wa kisiwa, hoteli wanazijua, na mwaka mmoja walijikanganya wakawapa watu wawili chumba kimoja, wakamhamisha bibi yao jikoni. Bosi alipohakikisha kwamba hawadai pesa zao, akawachinjia mbuzi.

Mimi nikatengeneza fomu ili ofisini tarehe ifike kwa namba, mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku, mgeni asome kwa lugha yoyote anayopenda. Dada Polandi amebandika ukutani miezi ya Kikroatia na pembeni ya listopad kuna alama nyekundu. Na afadhali alibandika, maana lipanj ni Juni na lipiec ya Kipolandi ni Julai, srpanj ni Julai na sierpień ni Agosti. Tungewapoteza watu wa msimu mzima.

Tatizo ni kwamba wale wa Hvar walisimuliana huko kwao. Zikaanza kuja barua, hawataki Nungwi wala Paje, wanauliza nyumba ile ya mama wa pilau. Bosi akazificha. Bi Mkubwa akazipata, akaniita Mbweni, akanipikia, kisha akaniambia nimfungulie ukurasa wake, kwa Kikroatia, na bei akanitajia bila kutafuna maneno.

"Na wageni waje lini, Bi Mkubwa?"

"Walivyokuja wale. Mfunguo Sita. Miezi mingine nina shughuli zangu."

Nikamwandikia mfasiri wa Zagreb. Akajibu upesi kuuliza Mfunguo Sita ni mwezi wa ngapi, aiweke kwa Kikroatia. Nikamjibu kwamba ile mara ya kwanza uliishia listopad, mwaka unaofuata utaangukia rujan, Septemba yao, halafu utazidi kurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, na kuanza kwake kunategemea mwezi umeandama au la.

Akajibu kwa kunitumia ankara mpya.