Bango Likishakunjwa, Nani Anabaki Kijijini?

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mtu katupia video ya kambi ya afya ya hisani, kijiji fulani cha Bihar, India. Fulana mpya za rangi ya chungwa, bango kubwa kuliko hema lenyewe, watoto wamepangwa mstari kila mmoja na paketi yake ya biskuti, na daktari kijana anamsikiliza bibi mmoja mapigo ya moyo huku anatazama kamera. Kamera, siyo bibi. Chini yake makopakopa, mikono ya dua, "Mungu awabariki", na mwenzetu mmoja kaandika kwamba na sisi tujifunze.

Tujifunze nini hasa? Maana vijiji vya India vina ya kufundisha, tena mengi, ila kwenye ile video hayamo.

Kambi ya siku moja inampa mgonjwa wa presha vidonge vya wiki mbili. Wiki ya tatu ale nini, biskuti? Mjamzito anapimwa, anaambiwa damu yako ndogo mama, anashukuru, anarudi kuchota maji. Na kwa kuwa sifa ya kambi ni idadi ya vichwa, kazi inakuwa mbio. Novemba 2014 huko Chhattisgarh, daktari mmoja aliwafunga kizazi wanawake 83 katika kambi ya siku moja, kwa saa chache tu. Zaidi ya kumi wakafa. Najua, najua, ile ilikuwa kambi ya serikali na siyo ya hisani. Akili ni ileile: wengi, haraka, kunja hema.

Haya, nikubali kimoja kabla hamjanirukia. Kambi za macho za Aravind, ile hospitali aliyoianzisha Dk. Govindappa Venkataswamy mjini Madurai mwaka 1976 akiwa na vitanda 11, zina maana. Pale kambi ni ya kumtafuta mwenye mtoto wa jicho. Upasuaji unafanyika hospitalini, mwenye uwezo analipa, asiyenacho halipi, na lenzi wanatengeneza wenyewe tangu 1992. Sawa. Hao nawavulia kofia. Wengine wote waniache kwanza.

Ninachotaka kusema kiko Jamkhed, Maharashtra. Mwaka 1970 madaktari wawili, Raj Arole na mkewe Mabelle, walifika pale kwenye ukame na umaskini wa kutisha. Walikuwa wametoka kusoma Johns Hopkins, Marekani. Wangeweza kukaa Bombay wakala vizuri. Mwanzo walifanya kama ambavyo yeyote angefanya: wakapeleka vijijini wauguzi wasaidizi waliosomea. Haikwenda. Binti wa watu, mgeni, peke yake, usiku analala wapi? Na akisema chemsheni maji, nani amsikilize? Ndipo wakaviambia vijiji vichague wanawake wao wenyewe. Wakaletwa wengi wasiojua kusoma wala kuandika, na wengi wao Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, ambao hata kivuli chao kilikuwa kinakwepwa.

Hao ndio waliofundishwa, wiki hadi wiki. Kuzalisha kwa mikono safi na wembe mpya. Kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari. Kumtambua mwenye ukoma au kifua kikuu kabla hajafichwa ndani. Na hawakuwa wa kuja Jumamosi na kuondoka; walikuwa majirani. Ukikataa ushauri wake leo, kesho mnakutana mtoni.

Kisha ukaja ukame mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikabidi vichimbwe visima vya pampu. Akina Arole wakahakikisha vinachimbwa upande wanakoishi Wadalit. Yaani wale waliozoea kumfukuza Mdalit kisimani, sasa wabebe ndoo waende kwake. Hapakuwa na semina ya usawa, hapakuwa na chai ya saa nne na posho ya kikao. Kiu tu. Mimi hapo ndipo huwa nacheka peke yangu.

Mwaka 1971, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai kwenye vijiji vile, 176 walikufa kabla ya kufikisha mwaka. Kufikia miaka ya 1990 walikuwa chini ya 30. Nani aliyeishusha hiyo namba? Hospitali ya Jamkhed ilikuwepo, ndiyo, na fedha za wafadhili zilikuwepo, sikatai. Lakini daktari hayupo saa nane za usiku mtoto anapoharisha. Yupo yule mama.

Wenye mashaka niwapeleke Gadchiroli, mashariki ya jimbo hilohilo, msituni. Abhay Bang na mkewe Rani, nao madaktari, nao Johns Hopkins (chuo hicho kina deni kwa Maharashtra, au Maharashtra kwacho, sijui), walianzisha kituo chao katikati ya miaka ya 1980. Wagond, kabila la pale, walikuwa hawaendi hospitali. Walipoulizwa wakasema jengo ni kubwa mno, ndugu wanafukuzwa nje, na wahudumu wamevaa nyeupe, rangi wanayovishwa maiti. Basi hospitali ikajengwa kwa vibanda vinavyofanana na nyumba zao, ndugu wanalala hapohapo, na ikapewa jina la mungu wao wa kike, Danteshwari. Niambieni ni kambi ipi iliwahi kumuuliza mtu kwa nini haji.

Kule watoto wachanga walikuwa wanaishia kwa kichomi. Dalili ni kupumua mbiombio, lakini utamhesabishaje pumzi mama asiyeweza kuhesabu hadi sitini? Bang akatengeneza kifaa cha shanga zilizotungwa kwenye waya, pamoja na chupa ya mchanga wa dakika moja. Mtoto akivuta pumzi kumi, sogeza ushanga mmoja. Kumi nyingine, ushanga mwingine. Ukifika kwenye ushanga mwekundu na mchanga haujaisha, mtoto ana kichomi, mwanzishie dawa. Basi. Hakuna umeme, hakuna intaneti. Baadaye wanawake wa kijiji wakafundishwa hadi kumchoma sindano mtoto mchanga mwenye maambukizi, nyumbani kwao, jambo lililowatoa jasho madaktari wa mijini. Matokeo yakachapishwa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1999: kwenye vijiji 39 walivyovihudumia, vifo vya wachanga vilikuwa vimepungua kwa asilimia 62 ukilinganisha na vijiji vya jirani.

Asilimia 62! Kwa shanga na mama wa kijiji.

Wazanzibari hii habari hawahitaji kuhadithiwa sana. Chuo cha Tilonia, Rajasthan, alichokianzisha Bunker Roy mwaka 1972, kimewafundisha akina mama wa Unguja ufundi wa umeme wa jua, kwa rangi za nyaya na ishara za mikono maana lugha hawakuelewana, na leo Kinyasini kuna chuo cha aina hiyohiyo. Bibi anapanda juu ya paa kufunga taa, wajukuu wanamshikia ngazi.

Sasa niwageukie na wenzangu tunaoipenda hadithi hii, maana na sisi tuna ugonjwa wetu. Tunapenda mno yule mama awe hajifikirii mwenyewe. Awe anatabasamu, anatembea peku, na hadai kitu. Shangazi yangu huko Korogwe alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kwa miaka. Mkoba alipewa, daftari alipewa, na buti za mvua alinunuliwa na mwanawe. Posho ilikuwa "inakuja". Kila mgeni aliyepita alimsifu kwa moyo wake. Moyo, moyo, moyo. Siku akiumwa goti, nauli ya kwenda hospitali ya wilaya tunachanga sisi. Kuanzia Januari 2024 Tanzania nayo imeanza kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa mpango wa kitaifa, na mimi katika hotuba zote nasubiri sehemu moja tu, ile ya malipo.

India yenyewe iliuchukua ujuzi wa akina Jamkhed na Gadchiroli ikaufanya wa nchi nzima mwaka 2005. Wahudumu hao wa vijijini wanaitwa ASHA, takriban wanawake milioni moja. Wanawapeleka wajawazito kujifungua, wanafuatilia chanjo, wakati wa korona walikuwa wanagonga mlango hadi mlango. Serikali inawahesabu kuwa ni wa kujitolea, kwa hiyo hawana mshahara; wana posho kidogo na malipo ya kila kazi. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani likawapa tuzo. Watu wakapiga makofi.

Februari 2025 wale wa Kerala, jimbo linalosifiwa kwa afya kuliko yote, wakakaa nje ya ofisi kuu za serikali mjini Thiruvananthapuram. Posho yao ilikuwa rupia 7,000 kwa mwezi, wakadai 21,000. Jua likawapiga, mvua za masika zikawanyeshea palepale. Siku ya 50 wakakata nywele zao hadharani, wengine wakanyoa kipara kabisa. Mwisho wa Oktoba serikali ikatangaza nyongeza ya rupia 1,000.