Kamoto ka hita kamenifanya mtumwa

Jamani kumbe nimevuka bahari kuja kupiga magoti mbele ya hita. Kwenye besimenti ya nyumba tunayopanga hapa Columbus, Ohio, Marekani, kuna tangi la galoni 40 la kuchemshia maji kwa gesi, na chini yake kanawaka kamoto ka bluu, paileti ndo wanavyokaita, kadogo kama ukucha wa mtoto, kakizimika tu nyumba nzima tunaoga barafu. Januari hii kamezimika mara nne.

Kukawasha sasa ni ibada. Unafunga nobu ya gesi, unasubiri dakika 10 gesi iliyobaki itoke (hapa usijitie ushujaa, ukisikia harufu ya gesi toka nje kwanza ndo upige simu), halafu unalala kifudifudi kwenye sementi ya baridi, kidole gumba kimekandamiza nobu, mkono mwingine unabonyeza kitufe cha cheche, tak tak tak, kakishika usiachie mpaka dakika nzima ipite. Unahesabu. Umefika 50 na kitu mke wangu anaita huko juu, "Baba Juma, kamewaka?" unashtuka unaachia, basi, giza.

Nikamlilia mama kwa simu, yuko Tanga.

"Mtungi umeutikisa lakini?"

"Mama, gesi ya huku inakuja kwa bomba kama maji."

"Basi litikise hilo bomba."

Mwenye nyumba, ambaye kuja haji, akasema ni themokapo, kale kamwiba ka shaba kanakokaa kwenye moto, kakipata joto kanatoa kaumeme kadogo ka kushikilia valvu isifunge, kakipoa gesi inakatwa. Haya, nikakasugua na msasa, siku mbili tukaoga kama watu. Kamoto kakafa. Nikanunua kengine, nikakafunga mwenyewe na spana, siku moja. Moja! Kapya kabisa!

Kumbe mchawi ni draya, mashine ya kukaushia nguo. Iko hapo hapo pembeni inatema manyoya ya nguo, yote yamekwenda kuziba kawavu ka kuingizia hewa chini ya hita, moto unakosa pumzi. Nikafunga gesi nikapitisha vakyumu, likatoka blanketi zima la kijivu, na nyuma ya tangi soksi ya Juma niliyomfokea wiki nzima kwamba kaiacha shule.

Jana usiku kanawaka safi, nimeshuka mara tatu kukachungulia kidirishani kama mgonjwa aliyelazwa. Nikapanda juu na taulo langu begani. Juma ndo anatoka bafuni, kakaa humo dakika 40, anafuka moshi kama muhogo, "Baba, maji matamu leo!"

Nikafungua bomba. Barafu.

Nikarudi jikoni kubandika sufuria.