Kwani jino sio mwili?

Nilitakiwa saa hizi niwe nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, ila kuna meseji imenikaa rohoni nikaona bora niitoe hapa kabla sijaijibu vibaya. Nimeng'olewa gego la chini. Nikaomba ruhusa kazini kama mtu mstaarabu, nikapiga picha karatasi ya ED, ile ya dokta kukupumzisha kazi, yenye muhuri na sahihi yake, nikatuma. Jibu la mkuu wa shule likaja, tena sio inboksi, kwenye grupu la walimu wote na mhasibu na mpaka dereva wa basi la shule: "Pole mwalimu. Ila jino tu? Kesho una vipindi vinne, jitahidi." Alafu emoji ya kucheka ile yenye machozi. Wenzangu wakagonga vidole gumba. Mwalimu wa baiolojia, mtu wa baiolojia jamani, akaandika kwamba yeye aling'oa asubuhi na jioni akacheza mpira.

Haya, hongera yake.

Sikwenda. Ila sio mkuu peke yake, ukichunguza karibu wote tuko hivyo. Mtu akishonwa nyuzi mbili kwenye kidole tunampelekea machungwa na tunamwambia asiguse maji. Akitolewa kitu kilichokuwa kimesimikwa ndani ya mfupa wa taya, kina mizizi miwili, kina mishipa ya damu na ya fahamu, shimo limebaki wazi na halifungwi hata bandeji, tunamuuliza kama kesho anakuja kazini.

Mimi naona tumeharibiwa na meno ya utoto. Kila mmoja wetu hapa kumbukumbu yake ya kwanza ya kutoka jino ni uzi, au mjomba aliyesema "hebu nione tu siling'oi" kumbe muongo, damu tone moja, unapewa jino lako unalirusha juu ya bati ili uote jipya, unarudi kucheza. Hiyo ndo picha iliyobaki kichwani mpaka umekuwa na miaka arobaini na ni mkuu wa shule. Lakini jino la utoto halina ujanja wa kukaa, likifika siku ya kutoka mzizi wake umeshaliwa na jino la ukubwani linalopanda chini yake, ndo maana linaning'inia kwenye nyama tu. La ukubwani halijaliwa chochote. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili, la juu mitatu, limeshikwa na mfupa pande zote, na kulitoa lazima huo mfupa upanuliwe kwa nguvu. Hapo ndo "jino tu" inapoanza kuniudhi.

Aliyeng'oa gego anajua. Unalazwa kwenye kile kiti, taa usoni, sindano ya ganzi inaingia kule nyuma kabisa ya taya, maana la chini linatiwa ganzi kwa kuuzima mshipa mkubwa wa fahamu unaohudumia upande mzima, sio jino moja. Baada ya muda mdomo unakuwa wa mtu mwingine, ukiugusa ni kama unagusa godoro. Dokta anakwambia utasikia kusukumwa ila maumivu hutasikia, na kweli, ganzi inaua maumivu ila haiui nguvu, unasikia mtu mzima amekushika taya anasukuma, anazungusha, anapumzika, anarudia. Na ile sauti. Inapita kwenye mfupa moja kwa moja mpaka sikioni, kraa, wewe unajua taya imevunjika na nesi anakwambia tulia dada, vizuri sana. Kisha unaona koleo linapita mbele ya macho na kitu kidogo chenye damu, unajiuliza hivi kumbe ndo hiki kilichokuwa kinaninyima usingizi.

Mpaka hapo watu wanadhani imeisha. Kazi yenyewe inaanzia hapo, na ndo sababu ya ED.

Kwenye lile shimo inatakiwa damu igande. Ule mgando ndo kidonda kinapoponea, ndo bandeji uliyopewa na Mungu, unaufunika mfupa mpaka nyama iote. Ndo maana unaambiwa ung'ate gozi, kile kitambaa cheupe cha kidonda, nusu saa mpaka saa zima bila kulitoa kila dakika kuchungulia, usisukutue siku ya kwanza, usiteme teme mate, usinywe na mrija, usivute sigara, usinyanyue mizigo, usinywe chai ya moto, usiongee sana. Usiongee sana! Mimi naongea kwa mshahara. Vipindi vinne kwa darasa la watoto hamsini na kitu, wawili wanagombania rula nyuma, feni imekufa, na mimi nipige kelele kuhusu mito ya Tanzania na vumbi la chaki juu, huku nimeng'ata gozi. Na niende na kurudi kwa daladala nimesimama, mtu ananigonga shavu na kiwiko kila breki. Basi si mseme tu mnataka damu imwagike ubaoni.

Shemeji yangu alifanya hivyo hivyo, mwanaume, jino haliwezi kumlaza. Ana boda. Aling'oa asubuhi, mchana yuko barabarani, jioni akawasha sigara yake kama kawaida kwa sababu eti anavutia upande wa pili wa mdomo. Siku ya kwanza alitucheka. Siku ya pili alitucheka. Ya tatu usiku dada kanipigia simu analia, mume anatembea chumbani ameshika sikio, anasema ni sikio, sio jino. Ilikuwa jino. Mgando ulikuwa umetoka, mfupa uko wazi unapigwa na hewa na mate, na hayo maumivu hupenda kuja hivyo, baada ya siku mbili tatu wakati wewe unasubiri nafuu, yanapanda mpaka sikioni, mdomo unanuka, Panadol unaila kama karanga na haisaidii kitu. Akarudi kwa dokta akasafishwa shimo, likawekwa dawa. Akalala siku nzima. Alikaa nje ya kazi muda mrefu kuliko ambao angekaa kama angetulia mwanzo, hesabu hiyo sijui kwa nini mabosi hawaipigi.

Na niseme ukweli, hilo la mgando kutoka linaweza kukupata hata ukifuata kila kitu, hasa magego ya chini. Ila anayevuta sigara analiita kwa jina.

Halafu ile dawa aliyowekewa, unajua inanukia nini? Karafuu. Bibi alikuwa na haki, nusu. Mafuta ya karafuu yana kitu kinachotuliza maumivu na madokta wa meno wanakitumia, kwa hiyo sitaki kusikia mtu anawacheka wazee. Nusu nyingine ni hii tabia ya kuchukua karafuu nzima na kuipachika kwenye shimo bichi lililong'olewa asubuhi, hapo bibi nakuheshimu lakini hapana. Na wale wa kusukutua na gongo, hapana. Na wale wanaomwaga maji ya betri kwenye jino bovu, sina cha kusema, hiyo ni tindikali, inaunguza hadi shavu na ufizi, tumefikaje huko. Chumvi inatosha. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kuanzia kesho yake, unayazungusha taratibu unayaacha yaanguke yenyewe kwenye sinki. Chakula ni uji uliopoa, mtindi, mtori kwa wenye mama wa Kichaga. Mimi wangu wa Tanga kaniletea bokoboko, baya sio, ila ngano zinaingia kule kule shimoni.

Turudi kwa mkuu, sijamaliza naye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, unachotakiwa ni cheti cha mganga. Nimeipekua. Hakuna mahali imeandikwa isipokuwa meno. Kuna mtu kasoma miaka mitano chuo kikuu akapata shahada ya udaktari wa meno, akakaa na taya langu mikononi, akaona nipumzike, akasaini. Anatokea mtu wa shahada ya historia anaitazama picha kwenye simu anasema jitahidi.

Najua, wapo wanaotumia ED kwenda kwenye sendoff. Nawajua, na wao wanajijua, mmoja aliweka picha mwenyewe status. Na kweli jino la mbele lenye mzizi mmoja, tena lililokuwa linacheza, linaweza lisikulaze, kwa hiyo pengine yule wa baiolojia hakudanganya. Sawa. Lakini anayejua jino langu lilitokaje ni aliyelitoa, sio aliyecheza mpira.

Kuna kitu kimoja kwenye huu utani ambacho hakinichekeshi kabisa. Huku kuambiana ni jino tu ndo kunafanya watu wakae na jino limeoza miezi, wanameza vidonge vya duka la dawa, flajili mbili amoksi tatu, likitulia wanasahau, likirudi wanarudia. Usaha wa jino la chini unaweza kushuka chini ya taya na ukasambaa sakafu ya mdomo na shingo, ulimi unanyanyuka, mtu anashindwa kumeza mate, mwisho njia ya hewa inaziba. Watu wanakufa na hilo. Ukiona uvimbe chini ya kidevu, homa, kumeza shida, kuhema shida, usisubiri asubuhi, usisubiri mshahara, nenda hospitali kubwa usiku huo huo. Hata kama juzi umeng'oa na ulidhani yameisha.

Na madokta wetu, nawapenda, ila na ninyi mna sehemu yenu. Yale maelekezo yote niliyoandika hapo juu nilipewa nikiwa nimeng'ata gozi, nusu ya uso haipo, machozi yananitoka, mgonjwa anayefuata ameshaingia mlangoni. Siwezi kuuliza swali, siwezi hata kusema sijasikia. Nikafika nyumbani na bahasha mbili za karatasi, moja imeandikwa 1x3, nyingine 1x2, kwa peni inayokaribia kuisha. Mengine nilikuwa nayajua kwa sababu ya shemeji. Asiye na shemeji je? Chapisheni karatasi moja ya Kiswahili, mpeni mtu akiwa bado kwenye benchi kabla ya sindano, asome, aulize akiwa na ulimi. Chini yake muweke namba ya simu, na iwe ile ambayo mtu akipiga saa nane ya usiku ameshika sikio, kuna anayepokea.