Mrusi hababaiki? Muulizeni bei ya gesi

Jumamosi nimepanda bajaji kutoka Tandika, nyuma imebandikwa picha ya Putin na miwani ya jua, chini imeandikwa MZEE HABABAIKI. Sina neno na picha, bajaji ni ya dereva, abandike hata sura ya mkwewe. Kilichoniudhi ni darasa. Njia nzima ananiambia Mrusi ndo taifa pekee lisilopangiwa na mtu, nami naitikia tu "eeh, eeh" maana kila akitaka kusisitiza anageuka kunitazama na mbele kuna lori la mchanga.

Sasa ngoja niyaseme hapa.

Tarehe 4 Februari 2022 Putin alikuwa Beijing, yeye na Xi, rais wa China, wakatangaza urafiki usio na mipaka, hata wiki 3 hazijaisha vifaru vikaingia Ukraine. Ulaya ikaanza kuikimbia gesi yake. Na watu wanadhani gesi ni kama mafuta, mteja akikukataa huku unageuza meli unapeleka kule. Wapi! Gesi ya Yamal, kaskazini kabisa mwa Urusi, ilikuwa inapita kwenye mabomba yanayoelekea Ulaya, na bomba hulikunji ukaligeuzia China. Lile bomba la kwanza la China lililofunguliwa Desemba 2019 linachota kwenye visima vingine kabisa, vya mashariki, uwezo wake mita za ujazo bilioni 38 kwa mwaka, wakati Ulaya kabla ya vita ilikuwa inachukua kama bilioni 150. Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi iliyokuwa inatisha watu kila baridi ikikaribia, mwaka 2023 ikapata hasara ya ruble bilioni 629.

Kwa hiyo dawa ikawa bomba la pili, lipite Mongolia, uwezo mita za ujazo bilioni 50 kwa mwaka. Mrusi kalibembeleza miaka na miaka. Septemba 2025 bosi wa Gazprom akatangaza wameshasaini, shangwe, mitandaoni watu wanaizika Ulaya, ukiuliza bei unaambiwa bei bado. Jamani, umesaini nini kama bei bado? Mchina ana bomba la Turkmenistan, ana gesi ya meli kutoka Qatar, ana na visima vyake mwenyewe, anakunywa chai tu.

Mjomba wangu analima Masasi. 2017 India ilipobana kununua mbaazi kutoka nje, magunia yalijaa mpaka sebuleni, tukala mbaazi mpaka kuku wakazisusa. Mjomba ana mdomo, tena mchafu, madalali alikuwa anawafukuza na mbwa. Ila siku alipokuja mmoja na bei ya matusi kabisa nilimsikia kwa masikio yangu anasema "karibu ndani baba, umekula?" Putin akienda Beijing mimi namsikia mjomba.

Na huyo mnunuzi mwenyewe, Mchina, hajasahau kwamba kiwanja cha Vladivostok, mji wa bandari wa Urusi upande wa mashariki, kilitoka kwake 1860, ramani zake mpaka leo zinapaita Haishenwai, jina la Kichina. Mimi sitii neno.

Haya, najua mtanijia na NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya. Ni kweli walimsogelea mpaka mlangoni, na walioivamia Iraq 2003 hawana sura ya kumfundisha mtu adabu. Nimekubali, tena kwa shingo upande. Lakini vita ya kuizuia NATO ndo imeiingiza Finland, Aprili 2023, mpaka wa kilomita zaidi ya 1,300. Hongera sana.

Armenia walimtegemea Mrusi awalinde, Karabakh, eneo la Waarmenia walilogombania na Azerbaijan, ikaondoka Septemba 2023 askari wake wanaangalia. Assad wa Syria, rafiki yake aliyepinduliwa, alichopata ni chumba Moscow.

Halafu "rafiki wa Afrika". Machi 2011, kura ya Libya Baraza la Usalama, Mrusi veto anayo mkononi, angesema hapana tu yakaisha. Hakupinga wala hakuunga mkono, akakaa kimya ndege zikaruka. Bajaji ile ile ina stika ya Gaddafi kwenye kioo cha mbele, na dereva haoni tatizo.

Kinachoniuma ni vijana wanaokufa kule, wa pande zote mbili, ili mtu asipangiwe, na hivi sasa anasubiri simu ya Beijing imwambie atauza kwa shilingi ngapi.

Mjomba siku hizi kahamia kwenye ufuta. Nikimpigia, picha yake ya WhatsApp ni Putin kapanda farasi.