Picha ya Mizani Mbovu

Asubuhi baada ya kutuma kiungo cha tovuti yangu ya kwanza, shangazi alinipigia simu mara saba kabla sijamaliza kunawa uso. Na maji ya Uyole mwezi wa saba hayanawiwi kwa haraka; unayagusa kwanza kwa kidole, unashauriana nayo. Nikajua furaha imemzidi. Nikasema mwache apige, nitapokea nikiwa nimekaa. Sifa hazipokelewi na povu la sabuni usoni.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya duka lake la mchele pale Mwanjelwa. Hakuiomba. Mimi ndiye niliyekuwa nimeangalia video za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, wiki tatu mfululizo kwa bando la usiku, nimejifunika blanketi mpaka kichwani, laptop ya mtumba iko tumboni (ilikuwa inapata moto vibaya, kwa hiyo nilipata elimu na hita kwa pamoja). Mtu akishajua kuandika h1, alama ya kichwa cha habari, anaanza kutafuta wa kumfanyia hisani, na shangazi ndiye aliyekuwa karibu.

Sharti lake lilikuwa moja tu: rangi iwe damu ya mzee, kama vitenge vya sare ya kikundi chake cha vikoba. Hiyo damu ya mzee ilinitoa jasho. Kwenye CSS, lugha ya kupambia ukurasa, hakuna mzee wala damu yake. Nikaweka red, akasema hiyo ni ya gari la zimamoto. Nikaweka brown, akasema tope la Igawilo. Siku ya tatu nikakutana na maroon, yaani #800000, akatikisa kichwa polepole, "Hapo sasa." Nilijisikia kama nimeivumbua mimi.

Mambo mengine niliyapita kwa kubahatisha. Notepad, programu niliyoandikia, iliuhifadhi ukurasa wangu kwa jina la index.html.txt, yaani kama maandishi matupu, nikashinda nusu siku natazama kodi (siyo ile ya TRA, ni yale maandishi yangu ya HTML) pale nilipotegemea kuona duka. Hilo nalo lilipita.

Tuje kwenye picha. Yule mwalimu wa kwenye video alisisitiza kwamba kila picha lazima iwe na alt: maneno ya kusimama badala ya picha ikigoma kufunguka, na ambayo asiyeona husomewa na simu yake. Mimi nilisikia "lazima". Hayo mengine nadhani bando lilikata. Kwa akili yangu, alt ilikuwa sehemu ya fundi kujiwekea kumbukumbu, mahali pa siri, kama ukurasa wa nyuma wa daftari.

Picha zilikuwa tatu. Ya kwanza shangazi mbele ya magunia, nimempiga sekunde chache baada ya kugombana na mbeba mizigo. Kwenye alt nikaandika: shangazi kanuna. Ya pili mchele. Siku hiyo mchele wa Kyela, ule wa kunukia, ulikuwa umeisha, mzigo ulikuwa uingie keshokutwa, kilichobaki dukani ni cha Mbarali, na mimi nikaona mchele wa kwenye picha haunukii, nani atajua? Nikaandika: wa Mbarali tuseme Kyela. Ya tatu ilikuwa mizani, ila mkono ulitikisika, picha ikatoka na ukungu kama barabara ya Tukuyu asubuhi. Nikaandika: picha ya mizani mbovu tafuta nyingine. Sikutafuta.

Ijumaa jioni nikamwonesha kwenye laptop yangu. Kila kitu kipo. Akajiangalia, akajifunga kanga upya, akasema, "Mwanangu, nimetoka vizuri." Usiku nikaipandisha kwenye seva moja ya bure, nikamtumia kiungo. Alfajiri akakisambaza kwenye kundi la WhatsApp la vikoba, wanawake thelathini na kitu, na maneno haya: "Kazi ya mtoto wa kaka yangu. Ingieni mwone duka letu."

Wakaingia.

Nilipokea simu ya nane. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Njoo dukani," akakata. Nikapanda daladala, tukakaa nyuma ya malori ya Tunduma weee, njia nzima najiuliza kama kwenye tovuti nimekosea namba ya simu yake.

Nikafika. "Shikamoo shangazi."

Hakuitikia. Mama wa maharage wa kibanda cha pili akajifanya anachambua maharage ambayo nilikuwa naona kabisa yamekwishachambuliwa. Shangazi akanipa simu yake.

Damu ya mzee ilikuwa imekaa vizuri sana, niseme ukweli. Juu kimeandikwa KARIBU DUKANI KWETU. Chini yake, mahali pa picha, kuna kijialama kama karatasi iliyochanika, na pembeni:

shangazi kanuna

Nikateremsha. Kichwa cha habari kwa herufi nene: MCHELE HALISI WA KYELA. Chini yake:

wa Mbarali tuseme Kyela

Nikateremsha tena, ingawa kidole kilikuwa hakitaki. TUNAPIMA KWA UAMINIFU.

picha ya mizani mbovu tafuta nyingine

"Mizani yangu mbovu?" akauliza taratibu. "Watu watafute nyingine? Waende kwa nani?"

Nikaanza kujitetea kwamba mbovu ni picha, mizani haina neno. Hapo ndipo Kiswahili kiliponigeuka. Picha mbovu, mizani mbovu, ngeli ni ile ile, hakuna hakimu atakayekuamini. Ningesema kipimo ningepona. Kipimo kingekuwa kibovu, picha ingebaki mbovu peke yake, kila mtu na aibu yake. Nilijaribu kumweleza hili la ngeli. Mama wa maharage akaacha kuchambua ili asikie vizuri.

Katikati ya somo akaingia mzee mmoja mwenye koti zito na fimbo, mteja wa miaka. Akaamkiwa, akaitikia, akachota mchele kiganjani, akanusa.

"Huu ndiyo Kyela?"

"Ndiyo wenyewe, mzee wangu, umeingia jana."

"Haya. Nipimie kilo tano kwa bei ya Mbarali. Hiyo Kyela tutaisema nyumbani."

Sijui nani alimwonesha yule mzee. Shangazi hakumjibu. Aligeuka akanitazama mimi.

Chanzo nilikipata nyumbani, maana laptop betri yake ilishakufa, ukiichomoa inazima, haiendi sokoni. Kwenye src ya kila picha, pale panapotajwa picha ilipo, nilikuwa nimeandika njia inayoanza na C:\Users. Yaani nilikuwa nimeiagiza simu ya kila mwanachama wa vikoba ikachukue picha ndani ya diski C ya laptop iliyo chini ya kitanda changu Uyole. Kwangu zilifunguka kwa sababu laptop ndiyo hiyo hiyo. Simu zikatafuta, zikakosa, zikasoma kilichoandikwa kwenye alt kwa uaminifu mkubwa kuliko mizani yoyote.

Mtu mwenye akili angefuta kwanza yale maneno. Mimi nikashughulika na njia, kama fundi anayesaka bomba linakovujia huku godoro linaelea chumbani. Nikapandisha picha kwenye seva, ndani ya folda inayoitwa picha, nikaandika picha/shangazi.jpg. Kwenye laptop safi kabisa. Nikafungua kwenye simu: shangazi kanuna. Nikazima simu, nikawasha. Bado kanuna. Saa mbili nzima, kumbe kamera ilihifadhi picha kwa .JPG ya herufi kubwa, na Windows haijali kubwa wala ndogo, ila ile seva ilikuwa ya Linux, na Linux ni kama karani wa zamani: jina lisipofanana na la kwenye kitambulisho, rudi kesho.

Wakati huo wote picha za skrini zilikuwa zinatembea. Binamu yangu wa Makambako aliniuliza kama tunauza ile mizani.

Jioni vyote vikakaa sawa. Kwenye alt nikaandika kwa adabu: Mwenye duka akiwa mbele ya magunia ya mchele. Kesho yake nikarudi Mwanjelwa, nikapewa kiti kando ya mizani na jiwe la kilo mbili, kazi yangu ikiwa kuliweka kwenye sahani mbele ya kila mteja, mshale usimame kwenye mbili, aone. Siku nne. Kwa kuwa mchele wa Kyela sasa ulikuwepo, niliwanusisha pia.

Siku ya nne, wateja walipopungua, shangazi akafungua tovuti kwenye simu yake. Akaikuza picha yake kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na macho, akakaa nayo muda mrefu.

"Lakini hapa," akasema, "mbona kweli nimenuna?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshajifunza.

"Itoe hii. Nipige nyingine, nikiwa nacheka."

Akajifunga kanga, akasimama mbele ya magunia, akamwambia mama wa maharage asogee asionekane. Nikainua simu.

Akanuna.